Kamusi, Sauti na Ushairi wa Uskoti katika Tarakilishi

Msomi wa ushairi wa Uskoti hapo awali hakuwa na budi kupekua majuzuu 22 maktabani: 12 ya Kiskoti cha hadi 1700 na 10 ya Kiskoti cha tangu hapo. Mnamo 2004 majuzuu hayo yaliunganishwa katika tarakilishi kwa jina la Dictionary of the Scots Language, na msamiati wa Robert Henryson au Robert Burns sasa hupatikana kwa kubofya tu. Faida hiyo si haba. Hata hivyo, tunahofia kwamba wepesi huo huzaa usomaji wa neno mojamoja: ubeti hugeuzwa orodha ya vidahizo, nazo mizani na kejeli ya mtunzi zikapotea.

Huenda tukapingwa kwa mfano wa Hugh MacDiarmid, ambaye katika miaka ya 1920 alichota maneno katika kamusi ya John Jamieson ya 1808. Hoja hiyo ina uzito, ila MacDiarmid alitoka kamusini na shairi. Mwanafunzi hutoka na tafsiri.

Kwa maoni yetu, nyenzo inayofaa zaidi ni hazina ya SCOTS ya Chuo Kikuu cha Glasgow, yenye maneno zaidi ya milioni 4, ambamo mazungumzo yaliyonakiliwa huandamana na sauti za wasemaji wenyewe. Aliyesoma Muyaka bila kuwahi kukisikia Kimvita kikisemwa anaujua upungufu tunaouzungumzia. Anayefundisha Burns na aanze na sauti hizo, ndipo afungue kamusi.