Uzi Uliolegea

Modogashe, zinapokutana njia za Garissa, Wajir na Isiolo, mwenye nasuri hasemi. Hukalia tako moja garini, na akiulizwa hujibu kuwa ni bawasiri. Bawasiri ina aibu ndogo kidogo. Hata jina lake jingine, fistula, wengi wanalijua kwa akina mama walioumia uzazini. Nasuri hii ni nyingine. Kijitezi ndani ya njia ya haja kubwa huziba, jipu huiva, usaha ukajichimbia mfereji hadi kwenye ngozi. Jipu hupoa, mfereji ukabaki.

Mfereji wa juujuu hauna makuu. Daktari hupitisha kijiti cha chuma toka tundu la nje hadi la ndani, akapasua kukifuata, akaacha kidonda wazi kijijaze kutoka chini. Wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Balaa huanza mfereji ukiwa umetoboa misuli inayofunga haja. Hapo kisu chenye pupa humponya mtu nasuri na kumwacha hawezi kuzuia upepo, udhu wake usidumu rakaa mbili.

Kwa hiyo ninayemvulia kofia ni yule anayeweka kisu chini akashika uzi, akaupitisha mferejini. Si jambo geni: maandishi ya Kiyunani yaliyopewa jina la Hippocrates yanaeleza uzi wa kitani uliokunjwa mara tano na kuzungushiwa unywele wa farasi. Ukikazwa hatua kwa hatua, uzi hukata msuli polepole huku kovu likishika nyuma yake. Ukilegezwa haukati kitu. Unashikilia mlango tu, usaha utoke. Mtu anayefuata ngamia hatarudi Garissa kila wiki kukazwa uzi. Uliolegea anaweza kukaa nao miezi, akachunga. Kipande cha nyama ya mfereji nacho kipelekwe maabara, kwani kifua kikuu pia huchimba mifereji ya namna hii.

Mwaka 2007 Arun Rojanasakul wa Bangkok alieleza njia ninayoiona nzuri kuliko zote kuitazama: kuingia katikati ya msuli wa ndani na wa nje, kuufunga mfereji kama shingo ya kiriba, kisha kuukata, misuli ikabaki mizima. Wengi hupona, si wote. Madaktari wengine huvuta utando wa ndani ukafunika tundu la ndani. Gundi na vizibo haviumizi msuli, ila mara nyingi mfereji hufunguka tena, mimi havijanishawishi.

Na kabla ya yote hayo kuna kidole. Kikitembezwa juu ya ngozi, mfereji husikika mgumu, kama mzizi chini ya mchanga. Kikiingia ndani, hupima msuli, na daktari stadi hulifanya hilo kabla ya dawa ya usingizi, maana mgonjwa akishalala msuli hulegea usiseme kitu.

“Bana, mzee. Bana tena.”