Msomi, Ardhi na Msimamo: Suala la Elimu na Itikadi katika Blossoms of the Savannah

1. Utangulizi

Kati ya mwaka 2018 na 2022, wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, wakiwemo wale wa Kajiado na Kitengela, walitahiniwa katika kazi mbili ambazo zilitofautiana kwa lugha na kwa utanzu, lakini zikakutana katika jambo moja la msingi. Katika somo la Kiswahili walisoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Katika Kiingereza walisoma Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet iliyochapishwa mwaka 2008 na kutunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2009. Kazi zote mbili zinamsimamisha mwanamke aliyesoma mbele ya mamlaka dhalimu, na katika zote mbili mwanamke huyo hakubali kuinama.

Kutokana na mfanano huo, ufundishaji wa vitabu teule umejenga kanuni moja nyepesi: aliyesoma ni mkombozi, asiyesoma ni mhafidhina. Makala haya yanadhamiria kuichunguza kanuni hiyo kwa kuisoma riwaya ya ole Kulet sambamba na historia ya Kajiado, hususan Kitengela. Hoja inayotetewa ni kwamba riwaya yenyewe haiungi mkono kanuni hiyo. Inachoonyesha ni kwamba elimu haizai msimamo wa kisiasa. Humpa mtu uwezo wa kuugharimia msimamo alio nao, uwe wa ukombozi au wa ukandamizaji. Itadaiwa pia kwamba riwaya inalikwepa suala ambalo lingeikamilisha hoja hii, yaani suala la ardhi.

2. Kanuni ya msomi mkombozi

Katika Kigogo kanuni hii ina mashiko. Tunu ni msomi wa sheria. Anaukataa utawala wa Majoka, anaikataa posa ya mwana wa mtawala, anaumizwa mguu, na hatimaye watu wa Sagamoyo wanamfuata. Hata hivyo, Sagamoyo ni jimbo la kubuni lenye mipaka ya kiistiari, na Tunu ameumbwa ili abebe wazo. Mhakiki hawezi kumtoa Tunu jukwaani na kumfanya kipimo cha jamii halisi bila kupitia hatua nyingine kati.

Ole Kulet aliandika kwa namna nyingine. Tangu riwaya zake za mwanzo, Is It Possible? (1971) na To Become a Man (1972), alishughulika na kijana wa Kimaasai anayevutwa na shule upande huu na matarajio ya rika na baba upande ule. Katika riwaya hizo shule ni swali tu, jibu halijapatikana. Kufikia Blossoms of the Savannah swali limehamia kwa mabinti, Taiyo na Resian, nalo limekuwa kali zaidi kwa kuwa wanaotaka kuwazuia wasiende Chuo Kikuu cha Egerton si watu wasioijua shule.

3. Ole Kaelo na Minik: elimu moja, misimamo miwili

Mhusika anayeitikisa kanuni iliyotajwa ni Parsimei ole Kaelo. Huyu ni mtu wa ofisi. Ameitumikia kampuni mjini Nakuru kwa miaka mingi na kuwasomesha binti zake hadi mwisho wa sekondari. Anapopoteza kazi na kuhamia Nasila, anajikuta akitenda yale ambayo mji wa Nakuru haukumtaka ayatende: anakubali Resian aozwe kwa Oloisudi, na anakubali binti zake wakeketwe. Wahakiki wengi humwona ole Kaelo kuwa ni mtu aliyerudi nyuma, kana kwamba elimu yake ilikuwa rangi iliyobanduka kwa jua la Nasila.

Tafsiri hiyo haitoshi. Msuko unaonyesha wazi kwamba kilichobadilika si maarifa ya ole Kaelo bali ni mahali anapopatia riziki yake. Mjini alilipwa mshahara na kampuni ambayo haikujali mila za nyumbani kwake. Nasila, biashara yake imeegemea mkono wa Oloisudi, tajiri mwenye njama ambaye anadai malipo kwa njia ya ndoa. Ole Kaelo anaujua ubaya wa Oloisudi. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kumkatalia. Tatizo lake basi ni deni.

Upande wa pili yupo Minik ene Nkoitoi, ambaye watu wanamwita Emakererei kwa kuwa alisoma Makerere. Kwa kanuni ya msomi mkombozi, Minik ndiye ushahidi mkuu. Lakini riwaya haimwonyeshi akihubiri tu. Inamwonyesha akiwa msimamizi wa ranchi ya kondoo huko Ntare Naaju, mahali penye kazi, makazi na uzio. Binti anayetoroka ukeketaji anapata huko pa kulala na pa kufanya kazi. Shahada ya Minik ina nguvu kwa sababu imeambatana na ranchi. Lau angalikuwa na shahada hiyo hiyo huku akiishi kwa hisani ya Oloisudi, huenda angalikuwa ole Kaelo wa pili. Ole Kulet amewaweka wahusika hawa wawili katika mizani moja, na kinachoinua upande mmoja si idadi ya miaka darasani.

4. Nabaru na elimu isiyo na cheti

Mizani hiyo inathibitishwa na mhusika ambaye uhakiki wa vitabu teule humtaja kwa haraka na kumpita. Nabaru ndiye anayemwokoa Resian kutoka mikononi mwa Olarinkoi na kumfikisha kwa Emakererei. Riwaya haimtambulishi kwa cheti chochote. Hana ranchi wala mshahara wa kumkinga. Tendo lake ndilo tendo la kisiasa lililo ghali kuliko yote katika riwaya, maana analigharimia kwa usalama wake mwenyewe.

Kumpuuza Nabaru ni kupuuza ukweli kwamba jamii ya Wamaasai ilikuwa na shule yake ya siasa kabla ya darasa. Baraza la enkiguena lilifundisha kusikiliza, kujibu na kupatana; olaiguenani, msemaji wa rika, alichaguliwa kwa hekima na ufasaha. Naomi Kipury, katika kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wamaasai cha mwaka 1983, alionyesha wazi kwamba hadithi na methali za jamii hiyo zina fikra nzito kuhusu haki na utawala. Historia nayo inasema hivyo. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911, ambayo wa pili uliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia, Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali ya kikoloni mwaka 1913. Walishindwa, lakini waliifikisha hoja ya ardhi mahakamani kabla serikali haijafungua shule katika nchi yao.

Kwa upande mwingine, shahada ya juu haijawahi kuwa dhamana ya msimamo mmoja. Profesa George Saitoti, mwanahisabati aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliiwakilisha Kajiado Kaskazini bungeni tangu 1988 hadi alipofariki mwaka 2012. Mwaka 1990 aliongoza kamati ya KANU iliyokusanya maoni ya wananchi, na chama kikabaki peke yake madarakani baada ya ripoti yake. Mwaka 2002 alikihama chama hicho na kuingia katika muungano wa NARC uliokiondoa. Shahada yake ilikuwa ile ile katika miaka yote miwili. Aliyetaka kuuelewa msimamo wake alilazimika kutazama mambo mengine.

Utafiti wa kijamii unaelekea upande huo. Huko Busia, wasichana wa shule zilizokuwa na mpango wa ufadhili wa masomo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifuatiliwa na Friedman, Kremer, Miguel na Thornton, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Wasichana hao walikuwa wepesi zaidi kukataa kipigo cha mume na kutilia shaka mamlaka. Lakini hawakuwa wapenda demokrasia zaidi ya wenzao, hawakuwa na nia zaidi ya kupiga kura, wala hawakuacha kujitambulisha kwa kabila. Na walielekea zaidi kuona kwamba vurugu za kisiasa zinaweza kuwa halali. Msomaji wa ole Kulet hapaswi kushangaa. Resian naye anaikataa amri ya baba na ya mchumba wa kulazimishwa. Kuhusu dola, kura na chama, riwaya haimpi neno.

5. Kitengela: mahali riwaya isipofika

Hapa ndipo penye upungufu wa Blossoms of the Savannah. Nasila ni mahali pa kubuni penye koo, maduka na nyumba, lakini msomaji haambiwi kwa uzito ni nani mwenye hati ya ardhi ya Nasila. Kitengela ingemlazimu mwandishi kuuliza. Kwa sheria ya mwaka 1968, ardhi ya malisho ya Kajiado iliwekwa chini ya ranchi za vikundi zenye daftari la wanachama na kamati. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwaka 1990 ikaja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na viwanda vikajengwa jirani, Athi River. Nyua zikaongezeka, ardhi ikauzwa, mji ukakua, na njia za nyumbu kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi zikazibwa.

Katika mchakato huo kalamu ilikuwa na kazi. Aliyeweza kusoma daftari na ramani alijua mipaka kabla ya wenzake. Katika ranchi nyingi za Kajiado, wanakamati na watu wenye uhusiano na serikali walijipatia vipande vikubwa zaidi. Wakati huo huo, wasomi wengine ndio waliopinga uuzaji na kuandika malalamiko. Kalamu ilitumika kwa shughuli zote mbili.

Zaidi ya hayo, shule yenyewe ililipiwa kwa ardhi. Mpango wa kukodi malisho ulioanza Kitengela mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge uzio wala kuuza, na malipo yalipangwa yaendane na mihula ya shule. Familia moja iliiacha ardhi wazi ili ipate karo. Nyingine iliuza ekari kwa sababu hiyo hiyo. Kijana aliyehitimu kwa njia ya kwanza na yule aliyehitimu kwa njia ya pili wanaweza kuwa na cheti kimoja, lakini hawawezi kuitazama siasa ya ardhi kwa jicho moja. Resian na Taiyo, ambao karo yao ya sekondari ilitoka katika mshahara wa Nakuru, wameepushwa na swali hilo. Ni katika Vanishing Herds (2011) ndipo ole Kulet anaikaribia siasa ya ardhi, kupitia Kedoki na Norpisia, wafugaji wanaosafiri katika nchi ambayo misitu na malisho yake yanaangamia. Si ajabu kwamba huko msomi si mhusika mkuu.

6. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba shule haina faida. Bila Makerere, Minik asingalikuwa Emakererei, na bila tumaini la Egerton, Resian asingalikuwa na mahali pa kukimbilia. Kinachodaiwa ni kwamba mhakiki anayesema tu kuwa mhusika fulani ni msomi bado hajasema lolote kuhusu itikadi yake. Imempasa aulize ni nani aliyeilipia elimu hiyo, mhusika anakula kwa mkono wa nani, na atapoteza nini akikataa. Kwa maswali hayo ole Kaelo anaeleweka bila kusamehewa, na Nabaru anapata nafasi aliyonyimwa. Mwalimu wa Kitengela anayewafundisha watoto ambao karo yao imetokana na ekari iliyouzwa anaijua hesabu hiyo tayari. Uhakiki ndio uliochelewa kuipiga.