Jicho Lisilo na Haraka

Jioni, magari yanapobanana Waiyaki Way, mimi hushukia Kangemi na kupitia kwa mama anayeniuzia samaki. Namwagiza ngege mmoja, kisha nasimama kumtazama akifanya kazi. Kabla ya kumpaa magamba, humlaza chali kiganjani, akapitisha kidole gumba tumboni kuelekea pezi la nyuma, akatua hapo kidogo. “Huyu ni jike,” huniambia. Kisu kikipita, mayai ya manjano yanatokeza. Siku moja nilimuuliza anajuaje. “Mwanangu, inama uangalie hapa. Lakini usiangalie haraka.”

Niliinama. Nyuma ya tundu la choo pana kinundu kidogo, kama punje ya mchele. Cha dume kimechongoka, na nchani kina tundu moja linalotoa mkojo na mbegu. Cha jike ni kifupi na butu, nacho kina matundu mawili: la mkojo, dogo kiasi cha kukwepa macho, na mwanya uliolala kukingama, njia ya mayai. Hiyo ndiyo tofauti yote. Tangu siku hiyo sijaacha kuwastahi watu wanaoishi kwa kuisoma.

Maana wapo. Mfugaji wa ngege anataka bwawa la madume watupu. Jike hupevuka angali mdogo, huatamia mayai mdomoni, na siku hizo zote hali chakula sawasawa. Bwawa likichanganya jinsia hujaa vifaranga wanaogombea chakula, na wachache hufikia ukubwa wa sahani. Dume hukua upesi zaidi. Basi njia ya zamani ni mkono: vifaranga wa miezi miwili au mitatu wanatolewa bwawani, na mchambuzi anawashika mmoja mmoja. Kiganja kiwe kimelowa, la sivyo ute unaomkinga samaki utabanduka. Anagusisha pamba yenye rangi ya bluu kwenye kinundu. Rangi inatuama mwanyani, na jike anajitambulisha. Dume beseni hili, jike lile. Mamia kwa siku, na majike wachache wakipenya wanatosha kuharibu kazi ya msimu mzima. Hata mkono mzoefu hukosea, ndiyo maana mchambuzi mzuri akishuku humrudia samaki yuleyule.

Siku hizi vituo vingi vya kutotolesha huwalisha vifaranga homoni ya kiume katika wiki zao za kwanza, na karibu wote hukua madume. Lakini kuna waliotafuta jibu ndani ya damu yenyewe. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling, akifanya kazi Malacca, alieleza jinsi alivyopandisha ngege dume waliotoka Zanzibar na majike wa aina nyingine: watoto wote walizaliwa madume. Siri ilikuwa kwenye kromosomu. Kwa aina hiyo nyingine, kama kwa ngege wa Nile na kwa binadamu, mwenye X na Y ndiye dume; kwa yule wa Zanzibar, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Na mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha jeni inayoamua kwa ngege wa Nile: nakala ya ziada ya jeni iitwayo amh, iliyokaa kwenye Y.

Hata hivyo jeni haina neno la mwisho. Maji ya joto la nyuzi 36 yanaweza kumgeuza kifaranga mwenye X mbili akakua dume. Ndiyo maana inanivutia kwamba karibu na Ziwa Bogoria, kwenye kinamasi cha Loboi kinacholishwa na chemchemi za maji moto, wanaishi ngege wa Nile wa asili ambao sayansi haikuwafahamu hadi Dorothy Wanja Nyingi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzake walipowaeleza. Na baharini chewa wengi huanza maisha majike, kisha baadhi yao wanageuka madume wakishakua. Mvuvi anayechagua wakubwa tu huenda anamaliza madume bila kujua.

Kwa hiyo anayetaka kujua jinsia ya samaki lazima aulize mengi: kromosomu, joto, umri. Kila jibu limepatikana kwa mtu kukubali kumshika samaki mmoja na kumtazama mpaka amwelewe, kisha kumchukua wa pili. Makumbusho yako mwanzo wa barabara ileile inayonileta Kangemi. Kati ya meza ya maabara na meza ya mama huyu ni safari ya matatu moja.

Juzi alinikabidhi ngege akiwa mzima. “Niambie wewe,” alisema. Nililowesha kiganja, nikamlaza chali, nikatazama. Akaningoja bila kunihimiza, wateja wengine wakiwa wamesimama nyuma yangu.

“Dume.”

Alipasua. Hapakuwa na yai hata moja.