Wazee 12 na Neno "Sisi": Kuisoma Hati ya Ngorongoro ya Mwaka 1958

Tukiulizwa darasani wanyonge ni akina nani katika fasihi ya Kiswahili, jibu tunalo mdomoni: wakulima na wafanyakazi. Tumeurithi msamiati huo kutoka kwa wahakiki waliotutangulia, na si msamiati mbaya. Bila huo tusingeisoma ipasavyo riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi. Lakini jembe na nyundo ni zana mbili tu. Mfugaji ana fimbo, Mhadzabe ana upinde, na ukiwatafuta watu hawa katika hakiki zetu utawakuta, kama wapo, wamesimama nyuma kama mandhari. Mzee wa jamii hizo ndiye kabisa! Tunamwita "msimulizi", tunachukua hadithi yake, yeye tunamwacha hukohuko.

Kwa sababu hiyo nimechagua matini ambayo haimo katika orodha ya kozi yoyote niliyosoma. Ni hati ya tarehe 21 Aprili 1958, ambayo kwayo wazee 12, malaigwanani wa Wamaasai wa tarafa za Ngorongoro na Loliondo, waliachia madai yao juu ya nyanda za Serengeti ya magharibi. Hati ni fupi, na imeandikwa kwa Kiingereza.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Serengeti ilipowekewa mipaka ya hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ilikuwa ndani yake na wafugaji walikuwa wakiishi humo. Zikafuata kamati na mabishano, hadi shauri likakatwa kwamba eneo ligawanywe: upande wa magharibi wabaki wanyama peke yao, upande wa mashariki watu na wanyama waishi pamoja. Ndipo mwaka 1959 likaundwa Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300.

Najua yupo atakayesema kwamba hati ya serikali si fasihi. Sawa. Lakini hebu tuitazame. Ina msemaji ambaye si mtunzi wake. Ina nafsi iliyobuniwa, ina mahali, ina wakati, na inataka msomaji aamini jambo fulani limetokea moyoni mwa watu. Tungeyakuta haya katika tamthilia tungeyachambua bila kusita.

Kinachomgonga msomaji kwanza ni nafsi. Hati nzima inasema kwa nafsi ya kwanza wingi: ni "sisi" tunaokubali, ni "sisi" tutakaohama na mali zetu na ng'ombe wetu. Kumbe sauti inayosikika ni ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hata mpaka wenyewe unatajwa kuwa ni mstari ambao wazee walionyeshwa na bwana huyo. Kuna sehemu moja tu ambapo nadhani namsikia mzee akizungumza. Ni pale inapotajwa kwamba watu watakuwa wamehama mvua za vuli zikianza. Hivyo ndivyo mfugaji anavyohesabu safari zake. Lakini sentensi haimwachii hata pumzi: papo hapo inafafanua, yaani kabla ya tarehe 31 Desemba 1958. Mvua imegeuzwa kalenda. Mvua inaweza kuchelewa na watu wakaisubiri pamoja nayo. Tarehe haisubiri mtu.

Miaka mingi baadaye mmoja wa wazee hao, Tendemo ole Kisaka, alihojiwa na mwandishi wa Kimarekani Raymond Bonner, na maelezo yake yamo katika kitabu At the Hand of Man cha mwaka 1993. Alieleza kwamba waliambiwa watie sahihi, hawakufafanuliwa jambo, na hakuna kati yao aliyejua kusoma na kuandika. Maelezo haya yanabadilisha matini nzima. "Sisi" ya hati haikuweza kujisoma yenyewe.

Halafu "sisi" hiyo ni nani hasa? Malaigwanani ni wanaume. Katika Umaasai nyumba hujengwa na wanawake, kwa hiyo wanapohama wao ndio wenye kazi ya kujenga upya. Bibi kizee ambaye angebeba mzigo mkubwa wa uhamaji huo hamo ndani ya "sisi", si kwa sahihi wala kwa kutajwa. Tukisema kwamba wazee walinyonywa sauti, tusisahau kwamba sauti yenyewe iliyonyonywa ilikuwa nusu tu ya boma. Hapa uchambuzi wetu wa kitabaka unapwaya, na nadhani ndiyo maana hatupendi kufika hapa.

Tarehe 27 Agosti 1959 Gavana Richard Turnbull aliliahidi Baraza la Wamaasai kwamba, katika Ngorongoro, pakitokea mgongano kati ya wanyama na watu, maslahi ya watu yatatangulia. Tazama sasa suala la utanzu. Wazee, ambao utamaduni wao ni wa mdomo, walitakiwa kutoa kauli yao kwa maandishi. Gavana, ambaye utamaduni wake ni wa maandishi, alitoa ahadi yake kwa hotuba. Kila upande ulitumia chombo cha mwenzake, na walionufaika ni upande mmoja! Katikati ya miaka ya 1970 wakazi waliondolewa ndani ya kreta, na mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo zima. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela aliwaruhusu walime, na mwaka 2009 marufuku ikarudi.

Mwaka huohuo wa 1959 ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti pamoja na kitabu chake, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Hoja ya kitabu ni kwamba hifadhi inapaswa kuwa pori lisilokaliwa na watu, wenyeji wakiwamo. Si kazi mbovu kifani. Picha za ndege iliyochorwa milia ya pundamilia humkaa mtu kichwani. Mwanawe Michael alikufa humohumo kazini Januari 1959, ndege ilipogongana na tumbusi, na baba alizikwa kando yake mwaka 1987, ukingoni mwa kreta. Watalii wanaolala Karatu husimamishwa hapo asubuhi wapige picha. Sina ugomvi na kaburi la mtu aliyepoteza mtoto. Ila jiwe la wale 12 sijaliona.

Kuhusu Msomera, nitasema lile linalonihusu kama mtu wa lugha. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikipelekwa Handeni, mkoani Tanga, na neno la serikali ni "kuhama kwa hiari". Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilidai kwamba huduma za afya na elimu zilipunguzwa ili watu waondoke. Kiswahili kina kuhama, kuhamishwa na kuhamia, na kila umbo linamtaja mtendaji wake. Mtu ambaye zahanati imedhoofishwa akafungasha vitu vyake, kisarufi amehama. Kiambishi cha kumwonyesha aliyeidhoofisha zahanati hakipo katika kitenzi hicho. "Hiari" imeongezwa, naona, kuziba pengo hilo, kama "sisi" ilivyoziba mwaka 1958. Kezilahabi katika Gamba la Nyoka (1979) aliandika juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na ukali wa riwaya ile ni kwamba upinzani wa wanakijiji unasikika kwa makelele yake yote, wenye hekima na wenye ujinga. Hakumpa mtu yeyote "hiari" ya bure.

Marehemu Moringe Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alipozungumza Geneva mwaka 1989 mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa hakuwasemea Wamaasai tu. Aliwataja na Wahadzabe. Alikuwa na haki. Wenzetu hawa wa kandokando ya ziwa Eyasi wameitwa Watindiga na majirani, kama Wadatoga walivyoitwa Wamang'ati, yaani maadui, majina ambayo hawakujipa. Wahadzabe hawana laigwanani wala mtemi. James Woodburn aliandika mwaka 1982 juu ya usawa wao, kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kumwamuru mwenzake. Kwa hiyo hapakuwa na mzee wa kuwekewa kalamu mkononi. Mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yalienea katika ardhi waliyowinda na kuchimba mizizi, bila "sisi" ya aina yoyote kuandikwa. Anayetafuta mada ya mwaka wa tatu aanzie huko, na wazee atakaoongea nao, wakiridhia, awaandike kwa majina yao, si "msimulizi wa kwanza" na "msimulizi wa pili".