"Ukomavu" au "Upevu"? Istilahi za Ngazi za Utengenezaji wa Programu

Mwaka 1984 ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, taasisi ya uhandisi wa programu za kompyuta, kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyosumbuliwa na programu zilizochelewa na kuzidi gharama. Humo Watts Humphrey na wenzake walibuni modeli ya ngazi tano, iliyotolewa mwaka 1991, ambayo haipimi programu yenyewe bali utaratibu wa kuitengeneza. Modeli hiyo yahitaji Kiswahili kilicho wazi, maana afisa wa serikali atiaye sahihi mkataba wa mfumo wa kompyuta hana budi kujua ni kitu gani hasa alichohakikishiwa.

Neno limjialo mfasiri kwanza ni "ukomavu". Twaonelea kuwa halifai. Mkazi wa Kwamndolwa, pale Korogwe katika nchi ya mkonge, anajua mkonge uliokomaa hufanya nini: hutoa mlingoti, huchanua mara moja, kisha hufa. Kukomaa ni kufika mwisho wa kukua. Wakati mwingine ni kuwa kigumu kisichotafunika. Lakini ngazi ya tano ya modeli hii ni ya wale wasioacha kujirekebisha. Twapendekeza "upevu". Mtu mpevu ana busara, na busara haina siku ya kuvunwa.

Kinyume chake, "mchakato", lipingwalo na baadhi ya walimu kwa kuwa linanuka kiwanda, tunalitetea. Wafanyakazi wa mkonge husema kuchakata majani: yaingia mabichi, yapondwa, nyuzi zatoka. Kazi ina mwanzo, mpango na zao. Neno gani zaidi latakiwa?

"Kiwango" nacho tukiache, kwa sababu kimekwisha kushikwa na Shirika la Viwango. "Ngazi" ni bora, kwani modeli yenyewe yaonya kwamba vidato havirukwi.

Ugumu uko katika majina ya ngazi zenyewe. Ya kwanza tukiiita "ya awali", msomaji atadhani ni darasa la watoto, hali maana yake ni kali: kazi yategemea ushujaa wa mtu mmoja, akihama ofisi yakwama. Afadhali "isiyo na utaratibu". Ya pili ni "ya kurudiwa", kwani kilichofaulu jana chaweza kufanywa tena leo. Ya tatu, "iliyoainishwa", haina ubishi. Ya nne wengine wataiita "inayosimamiwa". Lakini je, ya pili haisimamiwi? Wenye modeli wenyewe, walipoitengeneza upya mwaka 2000, waliliteremsha jina hilo hadi ngazi ya pili, na ile ya nne wakaiongezea habari ya takwimu. Basi sisi tuiite "inayopimwa", na ya tano "inayoboreshwa daima".