Sauti Iliyosahauliwa: Taarabu na Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, aliweka kuimbika kuwa miongoni mwa masharti ya shairi. Wahakiki waliofuata, wafuasi wake na wapinzani wake pia, wamebishana kwa miaka mingi juu ya vina na mizani. Sharti la kuimbika aghalabu wamelitaja kwa heshima, kisha wakalipita. Sababu ni nyepesi. Vina na mizani huhesabika juu ya karatasi, sauti haihesabiki. Lakini yale yasiyohesabika ndiyo mara nyingi yanayomliza msikilizaji, na uhakiki usioweza kueleza kilio hicho haujamaliza kazi yake. Upungufu huo waonekana wazi zaidi katika taarabu.

Jina lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Neno hili asili yake ni Kiarabu, tarab, nalo halitaji ala wala utungo. Lataja hali ya mtu anayesisimkwa na muziki, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Yaani sanaa hii imepewa jina la kile kinachompata msikilizaji. Masimulizi ya Unguja yaeleza kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Nyimbo za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo haikuwa ya watu wote wa mji. Si kila aliyesikiliza aliyafahamu maneno, na hata hivyo alisisimkwa.

Hapa pana hatari ya kukata kauli upesi mno, kwamba muziki ndio kila kitu na maneno ni pambo tu. Historia ya Siti binti Saad yaipinga kauli hiyo. Siti, aliyezaliwa Fumba na wazazi waliokuwa watumwa, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa santuri na kampuni ya HMV. Miongoni mwa nyimbo zake umo wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akakimbilia bara. Mkasa huo mji uliujua. Wimbo haukuleta habari mpya. Ulichofanya ni kuitoa hasira katika mabaraza na vyumba vya watu mbalimbali, ukaipa lahani moja, hata wengi wakaweza kuona uchungu kwa pamoja. Maneno yalisema kosa ni lipi. Sauti iliwakusanya waliokosewa. Kimoja kisingetosha bila ya chenziye.

Mombasa yatoa ushahidi wa namna nyingine. Tungo za Ahmad Nassir, mshairi wa Malenga wa Mvita (1971), ziliimbwa na jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Bhalo alipenda kutumia lahani za filamu za Kihindi, na wapo wanaoliona jambo hilo kuwa dosari, ati ni kuazima. Tuhuma hiyo yastahili kuangaliwa upya. Msikilizaji aliyekwisha kuitazama filamu katika sinema huwa alikwisha kuililia lahani ile, hata kama hakujua neno la Kihindi. Aisikiapo tena ikibeba Kimvita, huzuni humfikia kabla ya neno. Mhakiki mwenye karatasi peke yake atazisoma beti hizo na kuziona za kawaida, kwa kuwa sehemu ya nguvu yake imo mahali asipopatazama.

Hali kadhalika muundo wa onyesho lenyewe. Kibwagizo hurudiwa, baina ya beti ala hupigwa pasipo sauti ya mwimbaji, na msikilizaji hupata nafasi ya kuupima ubeti kwa maisha yake. Kisha huja kutunza. Mwanamke hunyanyuka, akaenda polepole, akampa mwimbaji tuzo kwenye ubeti aliouchagua mwenyewe, pengine akimtupia jicho hasimu wake. Tangu hapo fumbo limepata mwenyewe. Mtunzi hakumtaja mtu. Aliyemtaja ni mtunzaji, tena bila ya kufungua kinywa.

Kwa mtazamo huu, lawama juu ya mipasho ya miaka ya 1990 zaweza kuelekezwa mahali pake. Imesemwa sana kwamba mipasho ilikosa adabu. Huenda ikawa kweli, lakini kilichopungua zaidi ni nafasi ya msikilizaji. Wimbo ukisha kumsema hasimu waziwazi, mtunzaji hana tena fumbo la kulikamilisha. Kazi yake imefanywa na mwimbaji.

Haya si mambo ya anasa kwa idara za lugha. Mwanafunzi anayepewa beti za taarabu zilizochapwa, akaulizwa idadi ya mizani na mpango wa vina, hupasi mtihani bila ya kujua kwa nini watu walilia. Wakati huohuo santuri za kale zinachakaa, na waliohudhuria maonyesho ya zamani, wakajua nani alimtunza nani na kwa ubeti upi, wanapungua. Mkusanyo wowote wa nyimbo hizi hauna budi kuambatana na sauti zake, na maelezo ya lahani, vibwagizo na hafla. Amri Abedi alikwisha kulitaja sharti hilo. Uhakiki ndio uliochelewa kulitekeleza.