Mizani ya Daktari Carothers

Kitabu cha J. C. Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau, kilichopigwa chapa Nairobi mwaka 1954, chastahili kusomwa tena, japo kwa uchungu. Mwaka 1953, katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani, alikwisha kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele. Kipimo kilikuwa Mzungu. Aliyetofautiana naye alihesabiwa mpungufu.

Matusi hayo yamekufa, lakini mizani ingalipo. Mwaka 2018, katika shauri la Ewert, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kuwa idara ya magereza ilivunja wajibu wake: iliwapima wafungwa wenyeji hatari yao kwa vipimo isivyohakikisha kwamba vyawafaa. (Haikusema kwamba vipimo ni vya uongo, na ilitenda vema kutosema.)

Tuseme vipimo hivyo vingeletwa Mbinga. Kijana wa Kimatengo, aliyefunzwa adabu penye sengu, ambapo wazee walikula pamoja na kuamua magomvi, huinamisha macho, akamwachia mzee kumsemea. Mpimaji ataandika: hajuti. Mvuvi wa Mbamba Bay ahamaye kambi hadi kambi ataandikwa: hana makao. Nasi wachungaji, tukiulizwa tabia ya mfungwa, twaandika nini?